Kaka amefariki akiwa na deni la kadi ya mkopo: je, tunadaiwa sisi?

Swali: Kaka yangu alifariki ghafla miezi minne iliyopita. Ameacha mke na watoto wawili wadogo. Baada ya mazishi tukagundua alikuwa na kadi ya mkopo yenye deni kubwa, na wifi yangu naye alikuwa na kadi yenye jina lake kwenye akaunti hiyo hiyo. Sasa wakusanya madeni wanampigia simu mama yetu, ana miaka 71, wanamwambia mzazi hawezi kulikwepa deni la mwanawe. Mwezi uliopita alitoa akiba yake akalipa sehemu. Mimi pia wananipigia, wanasema niliweka sahihi kaka alipoomba kadi. Ni kweli kuna karatasi niliisaini miaka ile, lakini sikuisoma. Kisheria deni hili ni la nani? Na nyumba aliyoiacha itachukuliwa?

Jibu:

Pole sana, dada, na umfikishie pole mama na wifi yako. Najua una haraka, kwa hiyo majibu yatangulie na maelezo yafuate. Mama yako hadaiwi. Wewe unaweza kudaiwa au usidaiwe, na jibu limo kwenye ile karatasi uliyoisaini. Wifi yako anategemea mambo mawili: masharti ya kadi yake, na sheria ya ndoa ya mahali walipokuwa wakiishi. Anayedaiwa kwa hakika ni kaka yako, na kwa kuwa hayupo, deni linafuata mali aliyoiacha. Nyumba ni sehemu ya mali hiyo, nitaifikia.

Nianze na mama, maana ndiye anayeumizwa leo. Simu zile zikome kabla hatujafika kwenye mambo ya mirathi.

Deni la kadi ni mkataba. Upande mmoja yupo benki, upande wa pili yupo mtu aliyeomba kadi na kukubali masharti. Kumzaa mtu huyo, kuwa mwanawe, au kunyonya naye ziwa moja hakukuingizi kwenye mkataba huo. Zipo sheria zilizowahi kuamua vinginevyo. Nchini India, sheria ya Wahindu ilimtaka mwana, mjukuu na hata kitukuu walipe deni la baba yao kama wajibu wa kidini, na mahakama ziliutekeleza wajibu huo. Bunge la nchi hiyo liliukata mwaka 2005: mahakama hairuhusiwi tena kumfuata mwana kwa deni jipya la baba yake kwa sababu hiyo pekee. Nakutajia hilo uone kwamba hata pale ambapo damu ilikuwa na nguvu ya sheria, nguvu hiyo imeondolewa. Na hapo tunazungumzia mwana kulipa deni la baba. Mzazi kulipa deni la mwanawe mtu mzima, ambaye hakumdhamini, hilo ni la kubuni.

Sasa sikiliza tena maneno aliyoambiwa mama: mzazi hawezi kulikwepa deni la mwanawe. Hakuambiwa “mama, ulisaini hapa”, wala “kifungu hiki cha mkataba kinakuhusu”. Aliambiwa neno la aibu, akatoa akiba. Nimekaa na familia nyingi katika hali hii, na linaloniuma kila mara ni kwamba anayelipa kwanza huwa ni yule asiyedaiwa kabisa, kwa sababu ndiye anayemwonea haya marehemu. Mkusanyaji anayeijua kazi yake anaelewa hivyo, ndiyo maana hakuanza na msimamizi wa mirathi. Alianza na mama.

Nchi nyingi zinakataza jambo hili waziwazi. Marekani ina sheria ya mwaka 1977 inayomzuia mkusanyaji wa madeni kumdanganya mtu kuhusu nani anadaiwa; anaruhusiwa kuzungumza na mke au mume wa marehemu na anayesimamia mirathi, lakini si kumfanya yeyote kati yao aamini kwamba atalipa kutoka mfukoni mwake ilhali hadaiwi. Kanuni zilizoanza kutumika huko Novemba 2021 zinachukulia kwamba kupiga simu zaidi ya mara 7 ndani ya siku 7 kwa deni moja ni usumbufu. Kwenu tarakimu zinaweza kuwa nyingine, ila uliza mamlaka inayosimamia benki au ulinzi wa watumiaji. Malalamiko ya maandishi yenye tarehe na saa za simu huwa yanasikilizwa kuliko unavyodhani.

Je, malipo yale ya mama yamemfanya mdaiwa? Hapana. Mtu akilipa sehemu ya deni la mwenzake kwa hiari haligeuki kuwa lake. Kuzirudisha pesa zilizokwisha kwenda ni kazi ngumu, lakini kama alidanganywa ana hoja ya kuzidai, na ninge­shauri mzidai kwa barua hata kama matumaini ni madogo. Hatari kubwa iko mbele, kwenye ahadi. Kuna sheria ya Uingereza ya mwaka 1677, bado ina nguvu kwa jambo hili, inayosema ahadi ya kulipa deni la mtu mwingine haishikiki mahakamani bila maandishi na sahihi. Nchi kadhaa zilirithi kanuni hiyo. Lakini sheria ya mikataba ya India ya mwaka 1872 inasema udhamini unaweza kuwa wa maandishi au wa mdomo. Na hata huko Uingereza, mahakama zimewahi kukubali kwamba jina lililoandikwa chini ya barua pepe linatosha kuwa sahihi. Kwa hiyo mama asiseme kwenye simu “nitalipa”, wala “basi nitajitahidi mwezi ujao”. Asijibu ujumbe wa maandishi kwa kukubali chochote, na asisaini mpango wowote wa kulipa kidogo kidogo. Karatasi ya namna hiyo ndiyo inayoweza kumtoa kwenye kundi la wasiodaiwa na kumtia kwenye kundi la wanaodaiwa.

Tuje kwako.

Usiseme “nilisaini” wala “sikusaini”. Sema: “Nitumieni nakala ya karatasi mnayodai niliisaini.” Basi. Uingereza, sheria ya mikopo ya watumiaji ya mwaka 1974 inampa mdaiwa na mdhamini haki ya kudai nakala ya mkataba, na benki ikishindwa kuitoa haiwezi kulazimisha malipo hadi itoe. Hata mahali ambapo hakuna kifungu kama hicho, anayedai ndiye mwenye mzigo wa kuthibitisha, na hakuna mahakama itakayokutoza kwa mkataba usioonekana.

Ikifika, usianzie kwenye sahihi yako. Anzia juu ya sahihi, kwenye kichwa cha sehemu ile na sentensi inayotangulia mstari uliosaini. Kuna karatasi za aina tatu ambazo ndugu husainishwa, na kwa macho ya haraka zinafanana.

Ya kwanza ni ile ya ndugu wa karibu, au mtu wa kutoa taarifa. Inataka jina lako, uhusiano wako na mwombaji, namba yako ya simu, na pengine sahihi ya kuthibitisha kwamba unamfahamu. Hiyo haikufungi kulipa hata senti. Niliwahi kumhudumia mzee mmoja aliyekuwa amelipia deni la mpwa wake karibu miaka miwili, kila mwezi, kwa sababu aliambiwa “jina lako lipo kwenye fomu”. Jina lilikuwepo kweli. Tulipoipata fomu tulilikuta kwenye kisanduku kidogo pembeni, chini ya maneno “ndugu asiyeishi na mwombaji”. Alikivua kitambaa kichwani, akakiweka juu ya meza, akakaa kimya muda mrefu.

Ya pili ni ya udhamini. Hapo utaona maneno kama “ninadhamini malipo”, “nitalipa iwapo mwombaji atashindwa”, “kila kiasi kitakachodaiwa”. Ikiwa ndiyo hiyo, dada, hali ni nzito, na kifo cha kaka hakikufungui. Kwa kawaida udhamini huchukuliwa kwa ajili ya siku kama hii hasa. Lakini usikate tamaa upesi, kwa sababu kadi ya mkopo ina tabia ambayo mikopo mingine haina: kiwango chake hupandishwa. Mtu anapewa kadi ya kiasi fulani, baada ya mwaka benki inaongeza maradufu, baadaye inaongeza tena, na mdhamini hajui lolote. Kanuni ya zamani ya sheria za mikataba, imo kwenye ile ya India ya 1872 na kwenye maamuzi ya Uingereza pia, inasema masharti yakibadilishwa bila idhini ya mdhamini, mdhamini anaweza kufunguliwa, angalau kwa yaliyotokea baada ya badiliko. Benki nazo zinaijua, ndiyo maana fomu nyingi zina sentensi inayosema mdhamini anakubali mapema mabadiliko yoyote. Itafute sentensi hiyo. Kama haipo, mpelekee wakili karatasi hiyo pamoja na taarifa za kadi zinazoonyesha kiwango kilipopandishwa. Tazama pia kama udhamini wako una kikomo cha kiasi. Na hata ukilazimika kulipa, unachukua nafasi ya benki: unaweza kukidai kiasi ulicholipa kutoka kwenye mali ya kaka kama mdai mwingine yeyote.

Ya tatu ni ya mdaiwa mwenza, yaani uliomba kadi pamoja naye. Maneno ya kutafuta ni “kwa pamoja na kila mmoja peke yake”. Watu husoma hapo wakadhani kila mmoja anadaiwa nusu. Sivyo. Maana yake benki inaweza kumchagua yeyote kati yenu na kumdai deni lote, na mkigombana nani alinunua nini hilo ni lenu ninyi wawili. Kwa maelezo yako sidhani ndiyo hii, kwa kuwa ungekuwa ukipokea taarifa za akaunti kwa jina lako.

Kuna jambo la nne ambalo hukuliuliza na pengine halikuhusu, ila wengine watasoma. Ikiwa sahihi kwenye karatasi si yako, au umekuta kadi iliyofunguliwa kwa jina lako na ndugu bila wewe kujua, huo ni wizi wa utambulisho hata kama aliyefanya ni wa nyumbani. Sheria inakulinda usidaiwe, lakini benki itataka taarifa rasmi, mara nyingi ya polisi. Hapo ndipo familia hukwama, kwa sababu kutoa taarifa ni kumtaja ndugu. Ukinyamaza ukaanza kulipa, baada ya muda itakuwa vigumu kusema hukuijua kadi. Na kumpa ndugu kadi yako na namba ya siri akatumia kupita mlivyokubaliana ni jambo tofauti: machoni pa benki wewe ndiye uliyeruhusu.

Wifi yako sasa. Kwake nitakaa kidogo, maana majibu ya haraka ndiyo yanayowaponza wajane.

Kadi ya ziada, ile yenye jina lake lakini iliyotolewa kwenye akaunti ya mumewe, kwa kawaida haimfanyi mdaiwa. Mwenye akaunti ndiye aliyekubali kulipia matumizi yote, hata yale ya kadi ya ziada. Uingereza hakuna kabisa desturi ya akaunti ya kadi ya mkopo ya watu wawili. Kuna mwenye akaunti na kuna wenye kadi za ziada, na hawa wa pili hawadaiwi na benki. Marekani zipo akaunti za pamoja, na pia wapo wanaoruhusiwa kutumia tu. Wa kwanza wanadaiwa, wa pili hapana. Lakini nimesema “kwa kawaida”, kwa sababu baadhi ya benki duniani humsainisha mwenye kadi ya ziada fomu yake mwenyewe, yenye sharti kwamba atalipia matumizi yake au hata deni lote. Aitafute fomu hiyo. Kama hakuwahi kusaini chochote, akaletewa tu kadi mezani na mumewe, yuko mahali pazuri.

Hata hivyo sheria ya ndoa inaweza kumfikia bila sahihi. Katika nchi nyingi zinazofuata mfumo wa Uingereza, deni la mume ni la mume, ingawa baadhi zinalitenga lile lililokopwa kwa manufaa ya ndoa. Kenya, kwa mfano, sheria yake ya mali ya wanandoa ya mwaka 2013 inasema wanandoa hugawana sawa madeni yaliyochukuliwa wakati wa ndoa kwa faida ya ndoa hiyo. Majimbo 9 ya Marekani, yakiwemo California na Texas, yana mfumo wa mali ya pamoja, ambapo kilichochumwa na kukopwa ndani ya ndoa kwa kiasi kikubwa huhesabiwa kuwa cha wote wawili. Ufaransa imekwenda njia ya katikati, nami naiona ya busara: kifungu cha 220 cha sheria yake ya kiraia (Code civil) kinawafunga wanandoa wote kwa matumizi ya nyumba na elimu ya watoto hata akikopa mmoja, lakini hakiwafungi kwa matumizi ya kupindukia, wala kwa pesa ya kukopa ambayo wote hawakuikubali, ila iwe ni kiasi kidogo kinachohitajika kwa maisha ya kila siku.

Unaona basi kwamba swali la maana kwa wifi yako ni kadi ile ilinunua nini. Chukueni taarifa za miezi 12 au 24 ya mwisho, keti naye mpitie mstari kwa mstari. Karo ya watoto, chakula, dawa, umeme: wekeni alama moja. Safari zake marehemu, vifaa vya biashara yake, pesa taslimu alizotoa kwenye mashine usiku: alama nyingine. Ni kazi ya kuumiza, na mjane anaweza kukutana na mstari ambao hakutaka kuuona. Asiifanye peke yake. Lakini karatasi hiyo yenye alama mbili ndiyo itakayomsaidia wakili kuliko maelezo ya saa nzima.

Na kadi yake aikate leo, kama hajaikata. Kadi ya ziada hufa pamoja na mwenye akaunti. Matumizi yoyote aliyofanya baada ya kujua mumewe amefariki, hata ya maziwa ya mtoto, yanaweza kuhesabiwa kuwa deni lake binafsi, na benki yenye roho mbaya inaweza kuyaita ulaghai. Kama ameshaitumia baada ya msiba, asifiche; mjumlishe kiasi hicho pembeni, kilipwe au kielezwe mapema.

Sasa mali ya marehemu, na hiyo nyumba.

Kaka yako akifariki na mali ya 10 na deni la 4, benki inachukua 4 kwanza na warithi wanagawana 6. Akifariki na mali ya 4 na deni la 10, benki inapata sehemu yake katika hizo 4 na kilichobaki kinakufa naye. Hakipandi kwa mama wala hakiteremki kwa watoto, ila kwenye nchi nitakazozitaja mbele. Sheria ya Kiislamu ya mirathi nayo ina mpangilio huo: mazishi, madeni, wasia usiozidi theluthi, ndipo warithi. Sheria za serikali nyingi humwacha mwenye rehani alipwe kutoka kwenye mali aliyowekewa, na huweka gharama za mazishi na za kusimamia mirathi mbele ya madeni yasiyo na dhamana. Kadi ya mkopo karibu kila mara iko kwenye kundi hili la mwisho, na hiyo ni habari njema kwa nyumba: benki ya kadi haina rehani juu yake, kwa hiyo haiwezi kuja kuinadi tu kwa sababu malipo yamechelewa. Lazima ipitie kwa msimamizi wa mirathi au mahakamani.

Lakini nisikudanganye. Ikiwa nyumba ni ya kaka peke yake na hakuna mali nyingine ya kutosha, wadai wanaweza kuomba iuzwe ili walipwe. Ikiwa imeandikwa kwa majina ya mume na mke kwa namna ambayo anayebaki anachukua yote, mara nyingi inampita msimamizi na kwenda kwa mjane moja kwa moja, ingawa baadhi ya nchi huruhusu wadai kuifikia hata hapo mirathi inapokuwa haitoshi madeni. Na kuna nchi zinazolinda makazi ya mjane na watoto. Hati ya nyumba ndiyo ya kwanza kutazamwa, kabla ya kumjibu mtu yeyote kuhusu nyumba.

Bima ya maisha yenye jina la mnufaika kwa kawaida haiingii kwenye mirathi kabisa. Ni ya aliyetajwa, na wadai wa kadi hawaigusi. Hali kadhalika mafao mengi ya pensheni. Mkusanyaji akimwambia wifi yako alipe “kwa ile hela ya bima”, anaomba asichokuwa na haki nacho. Na chunguzeni taarifa za kadi kama kuna makato madogo ya kila mwezi yenye neno bima. Wateja wengi huuziwa bima ya kulipa deni la kadi wakifariki au wakipoteza kazi, wakaisahau siku hiyo hiyo. Nimeona deni zima likifutwa kwa mstari mmoja mdogo uliokuwa unajirudia kila mwezi na hakuna aliyeujali.

Mtego mkubwa uko kwa yule atakayesimamia mirathi. Yeye binafsi hadaiwi deni la kadi. Ila akigawa mali kwa warithi kabla ya kulipa madeni anayoyajua, au aliyopaswa kuyajua kwa kutoa tangazo kwa wadai, sheria inaweza kumtaka alipe pengo hilo kwa mali yake mwenyewe. Na hata kabla hajateuliwa, ndugu anayechukua gari la marehemu, anayeuza mifugo yake au kutoa pesa kwenye akaunti yake kwa kadi anayoijua namba, anajiingiza mwenyewe. Anaweza kudaiwa kwa kiasi alichokigusa. Naomba umwambie kila mtu kwenye ukoo: vitu vikae vilipo. Hasa lile gari, kama lipo. Kwenye kila msiba kuna mtu anayeanza kuliendesha “ili betri isife”.

Na kama mnaishi au kaka alikuwa akiishi kwenye nchi zinazofuata mfumo wa Ufaransa au Ujerumani, hesabu inabadilika, na hapa muda unaweza kuwaponza. Huko mrithi hupokea mali na madeni kwa pamoja, na anaweza kudaiwa hata zaidi ya alichorithi asipochukua hatua. Ujerumani mrithi ana wiki 6 tangu kujua kwamba amerithi kuukana urithi rasmi, au miezi 6 kama alikuwa nje ya nchi au marehemu aliishi nje tu; akinyamaza, amekubali. Ufaransa mrithi hawezi kushurutishwa kuchagua ndani ya miezi 4 ya mwanzo, na anaweza kukubali urithi kwa kikomo cha mali iliyopo, lakini akiuza vitu vya marehemu kama mwenye mali anahesabiwa amekubali yote. Tena watoto wakiukana, urithi unasogea kwa wanaofuata, ambao wanaweza kuwa mama na wewe. Kila anayefikiwa inabidi aukane kwa jina lake. Miezi minne imeshapita kwenu, kwa hiyo ikiwa nchi hizi zinawahusu, mwone wakili au mthibitishaji wa hati (notari) wiki hii.

Mkishapata msimamizi, kazi yake ya kwanza kwa benki ni barua moja fupi: cheti cha kifo, uthibitisho wa uteuzi wake, na maombi mawili, kwamba akaunti ifungwe na kwamba benki itaje kwa maandishi deni lilikuwa kiasi gani siku ya kifo. Siku ya kifo, si leo. Riba na adhabu za kuchelewa zilizorundikana baada ya msiba ni jambo la kujadiliwa. Marekani kanuni inaitaka benki ikishaombwa na msimamizi imjulishe salio kwa wakati, iache kuongeza ada, na isitoze riba zaidi kama deni litalipwa ndani ya siku 30 tangu ilipotaja kiasi. Nchi isiyo na kanuni hiyo, ombeni hivyo hivyo. Benki nyingi hukubali, kwa sababu kumfukuzia marehemu kuna gharama. Ikiwa mali haitoshi, msimamizi aandike hivyo, aambatishe orodha ya mali na madeni, na mara nyingi faili hufungwa hapo.

Ukomo wa madai, yaani muda ambao ukipita deni haliwezi tena kudaiwa mahakamani, haukusaidii sana, kwani deni bado jipya. England ni miaka 6, Scotland 5, na sehemu nyingi ziko jirani na hapo. Ila ujue kwamba malipo madogo au barua ya kukiri deni inaweza kuanzisha hesabu upya kwa anayedaiwa, sababu nyingine ya kutoandika chochote kwa pupa.

Kwa mama, weka karatasi karibu na simu, kwa herufi kubwa, yenye maneno haya: “Mimi sikusaini. Andikeni barua kwa msimamizi wa mirathi. Msinipigie tena.” Ayasome hivyo hivyo, akate simu, aandike saa chini yake. Wewe siku hiyo hiyo tuma ombi la nakala ya fomu, kwa barua yenye risiti ya kupokelewa au barua pepe utakayoitunza. Ikirudi, soma kwanza maneno yaliyo juu ya sahihi yako, kisha niandikie ulichokikuta, neno kwa neno.